Kubalansi injini ya pikipiki ndogo unapoweka pistoni kubwa: kazi huanzia kwenye mizani

Pistoni kubwa ikishaingia, watu huuliza habari za kabureta, eksozi na sproketi. Mtetemo huulizwa mwisho, vioo vya pembeni vikiwa havionyeshi kitu, boliti ya eksozi imeshadondoka njiani na viganja vya mpandaji vinawasha. Fundi naye huanza kukaza boliti za kushikilia injini. Zikikazwa na mtetemo ukabaki, tatizo liko ndani, kwenye krenki (mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), na sasa injini inabidi ifunguliwe upya. Ndiyo maana nashauri haya yote yafanyike kabla pistoni ya zamani haijatupwa.

Nitazungumzia zaidi injini ya silinda moja isiyo na shafti ya balansi (mhimili wa pili unaopunguza mtetemo), kwa sababu ndiyo inayoumia zaidi. Zenye shafti na zenye silinda mbili nitazigusa mwishoni.

Kinachotokea ndani

Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, pistoni hufika juu kabisa, husimama na kugeuka zaidi ya mara 133 kila sekunde. Kila inaposimamishwa juu, huivuta krenki kwenda juu. Ikisimamishwa chini, huisukuma chini. Ili kupunguza vuta nikuvute hiyo, mtengenezaji huacha chuma kingi zaidi upande wa krenki ulio mkabala na pini ya konrodi, yaani pini ya krenki inayoshika konrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni. Chuma hicho nitakiita uzito pinzani. Pistoni ikiwa juu, uzito pinzani uko chini na unavuta chini.

Shida ni kwamba pistoni huenda juu na chini tu, ilhali uzito pinzani huzunguka duara zima. Pistoni ikiwa katikati ya safari, uzito pinzani uko pembeni na hauna wa kupingana naye, kwa hiyo huitupa injini mbele na nyuma. Ukiufanya uwe sawa kabisa na uzito wa pistoni, mtetemo wa juu na chini unaojirudia mara moja kila mzunguko unaisha, lakini wote umeuhamishia mbele na nyuma. Kwa sababu hiyo mtengenezaji hubalansi sehemu tu ya uzito unaopanda na kushuka, mara nyingi kitu kama nusu au zaidi kidogo. Sehemu hiyo kwa asilimia ndiyo kiwango cha balansi.

Hakuna kiwango kimoja cha pikipiki zote. Kinategemea fremu, mahali injini iliposhikiliwa, na kama silinda imesimama au imelala kama kwenye Honda Super Cub. Silinda ikiwa imelala, kile ambacho kwa injini nyingine ni "mbele na nyuma" kwake ni "juu na chini". Kwa hiyo asilimia uliyopewa na mtu aliyefanikiwa na pikipiki nyingine haikuhusu. Kiwango unachokitaka ni kile kilichokuja na injini yako, na unaweza kukipima mwenyewe.

Gramu moja ina nguvu gani

Chukua vipimo vya Honda CG125: pistoni ya mm 56.5 na stroki (urefu wa safari ya pistoni) ya mm 49.5, yaani cc 124. Weka pistoni ya mm 62 kwa stroki ileile, unapata cc 149. Nusu ya stroki ni mm 24.75. Kwa mizunguko 8,000, kila gramu inayopanda na kushuka huvuta kwa nguvu ya karibu nyutoni 17.4, sawa na uzito wa kilo 1.77. Pistoni mpya ikizidi ya zamani kwa gramu 30, umeongeza mvuto wa takriban kilo 53 kwenye beringi za krenki, na mvuto huo hubadilisha mwelekeo mara mbili kila mzunguko.

Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka mizunguko 6,000 hadi 9,000 inakuwa mara 2.25. Anayebeba mizigo polepole anaweza asihisi tofauti yoyote. Anayezungusha injini hadi mwisho ataihisi siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua

Tafuta mizani ya dijitali inayosoma gramu 1, au bora zaidi 0.1. Ile ya jikoni inatosha ikiwa inarudia jibu lilelile ukiweka kitu mara tatu. Pima pistoni ya zamani ikiwa kamili: pistoni, ringi zote, pini na klipu zake mbili. Kwangua kaboni kichwani kwanza, maana huongeza uzito. Kisha pima mpya, nayo ikiwa kamili. Kama muuzaji ana za aina tatu za kipenyo kimoja, pima zote tatu. Kipenyo kinaweza kuwa sawa huku uzito ukiwa mbali sana, kwa sababu ya urefu wa sketi, unene wa kichwa na pini.

Pini ya pistoni hasa husahaulika. Pini ya chuma yenye kipenyo cha mm 15 nje, tundu la mm 10 ndani na urefu wa mm 50 ina uzito wa karibu gramu 38. Ikiwa tundu ni mm 11, inashuka hadi gramu 32 hivi. Hizo gramu 6 umezipata bila kugusa krenki.

Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Gramu uliyoipunguza kwenye pistoni imeondoka kabisa. Gramu unayoirekebisha kwenye krenki haijaondoka. Umeigawa tu, huku kidogo na kule kidogo. Hesabu ya hatua ya tatu itaonyesha hilo waziwazi.

Ukiwa na pistoni mkononi, hakiki pia mambo mengine haraka: kipenyo cha pini kinalingana na konrodi yako, urefu kutoka katikati ya pini hadi kichwani haupishani na wa zamani, mifuko ya vali ipo mahali pake. Hakikisha slivu (bomba la ndani ya silinda) itabaki na unene wa kutosha baada ya kubori, na kama slivu mpya ni nene zaidi, kwamba mdomo wa krenkikesi unaipokea. Mgandamizo nao hupanda. Injini ya cc 124 yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 ina nafasi ya karibu cc 15.5 juu ya pistoni. Ukiacha nafasi hiyohiyo na kuweka cc 149, unafika karibu 10.6 kwa 1. Hayo ni makala nyingine, ila usiseme hukuambiwa.

Hatua ya pili: pima kiwango cha balansi ulichonacho

Krenki iwe nje, imeoshwa, bila sumaku, bila gia ya praimari, konrodi ikiwa bado imo. Kwanza pima uzito wa kichwa kidogo cha konrodi, yaani upande wake unaoshika pistoni, kwa sababu sehemu hiyo hupanda na kushuka pamoja na pistoni. Laza krenki kwenye vitalu viwili isizunguke. Weka kichwa kidogo juu ya mizani, konrodi ikiwa imelala sawasawa. Tumia pima maji. Inua na uweke tena mara tano, kisha chukua wastani, maana oili ya kwenye beringi kubwa hunata na kudanganya.

Sasa krenki inatakiwa izunguke kwa urahisi kabisa. Wengine huilaza juu ya vyuma viwili vilivyonyooka na kusawazishwa kwa pima maji. Njia hiyo ni nzuri ikiwa sehemu mbili zinazogusa vyuma zina kipenyo kimoja. Zikipishana, krenki itabingirika ikielekea upande mmoja. Mimi napendelea beringi ndogo nne, mbili kila upande, krenki ikiwa imeketi kati yake. Beringi hizo zioshwe kwa petroli mpaka grisi yote iishe. Kujaribu kama mpango wako una wepesi wa kutosha, bandika kitu cha gramu 1 pembeni ya krenki iliyotulia. Ikigoma kusogea, msuguano ni mkubwa na vipimo vyako vitakuwa vya kubahatisha.

Acha konrodi ining'inie. Pitisha waya kwenye kichwa kidogo, tundika kopo jepesi, uanze kutia nati na washa. Geuza krenki mpaka pini ya konrodi iwe upande, kama mshale wa saa 3. Upande wenye uzito pinzani ukishuka, ongeza. Pini ikishuka, punguza. Jaribu na upande wa saa 9. Krenki ikikaa popote unapoiacha, umefika. Pima kopo, waya na vyote vilivyomo kwa pamoja.

Hesabu yake ni fupi. Jumlisha uzito wa kopo na wa kichwa kidogo cha konrodi. Gawanya kwa jumla ya pistoni kamili ya zamani na kichwa kidogo cha konrodi. Zidisha kwa 100. Sehemu kubwa ya konrodi, ile inayozunguka na krenki, imeshajibalansi yenyewe katika kipimo hiki kwa kuwa konrodi nzima inaning'inia kwenye pini.

Hatua ya tatu: mfano wenye tarakimu

Tuseme pistoni kamili ya zamani ni gramu 150, kichwa kidogo cha konrodi gramu 50, na kopo limefika gramu 60. Kiwango ni 110 kugawanya kwa 200, yaani asilimia 55. Kwenye injini hii, gramu 90 hazijabalansiwa juu na chini, na gramu 110 zinatupwa mbele na nyuma.

Pistoni mpya ni gramu 180. Krenki haijaguswa. Sasa ni 110 kugawanya kwa 230, yaani asilimia 47.8. Mbele na nyuma pamebaki 110 vilevile, lakini juu na chini pamepanda kutoka 90 hadi 120. Hiyo ni theluthi moja zaidi, na ndiyo inayotikisa mikono.

Ukirudisha asilimia 55, unahitaji 0.55 mara 230, yaani gramu 126.5. Juu na chini panabaki 103.5, mbele na nyuma 126.5. Angalia vizuri: pande zote mbili zimezidi hali ya mwanzo kwa asilimia 15. Krenki iliyorekebishwa kikamilifu bado hutetemeka kuliko pistoni ndogo ya kiwandani. Kama ungepata pistoni ya gramu 160 badala ya 180, kiwango kingekuwa asilimia 52.4 bila kutoboa chochote, na juu na chini pangekuwa gramu 100. Pistoni nyepesi na krenki isiyoguswa imeishinda pistoni nzito yenye krenki iliyofanyiwa kazi ya siku nzima.

Kwa uzoefu wangu, kiwango kikishuka kwa chini ya pointi 3, funga injini uendeshe. Kati ya 3 na 5, inategemea mwendo wako. Zaidi ya 5, kama kwenye mfano wa gramu 180, krenki inahitaji kazi.

Hatua ya nne: kurekebisha krenki

Kwenye mfano wetu tunatafuta gramu 16.5 zaidi, zikipimwa kwenye umbali wa pini ya konrodi kutoka kitovu cha krenki. Njia ni mbili: kuongeza chuma upande wa uzito pinzani, au kupunguza upande wa pini. Kuongeza kunahitaji chuma kizito sana, kama aloi ya tangsteni, chenye uzito wa zaidi ya mara mbili ya chuma cha kawaida kwa ujazo uleule. Risasi ina faida ndogo: sentimita ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3 dhidi ya 7.85 za chuma, na ni laini, ikilegea kwenye mizunguko 8,000 itapasua krenkikesi. Mimi siiweki.

Njia ya kupunguza ndiyo ya wengi. Zidisha 16.5 kwa 24.75 (ile nusu ya stroki), unapata 408. Hiyo ndiyo "deni" lako. Tundu likiwa mbali zaidi na kitovu cha krenki, unatoa chuma kidogo zaidi kulilipa. Lakini usitoboe karibu na pini ya konrodi: inashikiliwa kwa kubanwa tu, na ukidhoofisha chuma kinachoizunguka, pini itateleza na krenki kujipinda. Kwa hiyo matundu hukaa pembeni ya pini, kulia na kushoto, kwa usawa.

Tuseme una nafasi kwenye umbali wa mm 38 kutoka kitovu, nyuzi 45 kila upande wa pini. Kwa sababu ya pembe hiyo, umbali unaofanya kazi ni 38 mara 0.707, yaani mm 26.9. Gawanya 408 kwa 26.9: gramu 15.2 kwa jumla. Ukizigawa kwa matundu manne, mawili kila sahani ya krenki (yale magurudumu mawili yanayoshika pini ya konrodi), ni gramu 3.8 kila moja. Kwa keekee ya mm 8, hiyo ni kina cha karibu mm 10. Kati ya tundu na pini acha nyama isiyopungua kipenyo cha tundu lenyewe. Kama krenki yako imekatwa tayari sehemu hiyo kiwandani na hapana chuma, usilazimishe. Rudi kwenye pistoni nyepesi.

Sahani zote mbili zitobolewe sawa. Ukitoa gramu 10 kushoto na 5 kulia, krenki itapita mtihani wa kopo bila shida, kisha ikizunguka itayumba kama gurudumu lililopinda, kwa sababu kipimo cha kutulia hakioni tofauti ya kushoto na kulia.

Kabla ya kutoboa, angalia njia ya oili inapita wapi ndani ya sahani. Kama krenki haitenganishwi, funga beringi ya konrodi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na utepe, mabaki ya chuma yasiingie. Mara ya kwanza kufanya kazi hii nilifunga vibaya. Beringi haikumaliza wiki tatu. Toboa robo tatu ya kina kwanza, rudi kwenye kopo ukiwa umetia gramu 76.5, upime, kisha umalizie kidogo kidogo. Chuma kilichotoka hakirudi.

Ikiwa krenki ilitenganishwa kwa presi, ikirudi lazima inyooshwe upya. Ilaze kwenye vitalu vyenye mfereji wa V, weka dayal geji pande zote mbili, uizungushe taratibu. Mimi sikubali zaidi ya mm 0.03. Krenki iliyopinda hutetemesha injini kuliko gramu zote tulizohesabu.

Unachoweza na usichoweza kupunguza kwenye pistoni

Miisho ya pini ya pistoni inaweza kuchongwa ndani kwa umbo la faneli kwenye mashine ya kukereza, sehemu ile iliyo ndani ya macho ya pistoni. Katikati ya pini paachwe. Makovu ya kuyeyushia ndani ya sketi yanaweza kusawazishwa kwa msasa. Kichwa, macho ya pini na mifereji ya ringi usiviguse. Kutoboa sketi matundu ya mapambo, kama wengine wafanyavyo, hukupa gramu 2 na ufa.

Injini yenye shafti ya balansi, na yenye silinda mbili

Shafti ya balansi huzunguka kinyume cha krenki kwa kasi ileile. Krenki hubeba karibu nusu ya uzito unaopanda na kushuka, shafti hubeba nusu nyingine, na zile za pembeni zinafutana. Ukiongeza gramu 30 za pistoni, kila mmoja alipaswa kupokea 15. Ukirekebisha krenki peke yake, ziada ya pembeni haina wa kuifuta. Wengi huiacha krenki bila kuigusa, kwa sababu injini hiyo hata ikiwa na gramu 30 za ziada bado hutulia kuliko injini isiyo na shafti. Ila hakikisha alama za gia ya shafti zinalingana na za krenki wakati wa kufunga. Jino moja likiruka, utaanza kulaumu pistoni isiyo na kosa.

Kwa silinda mbili, pistoni zilingane kwanza, tofauti isizidi gramu 1. Nzito ndiyo inayopunguzwa. Zile ambazo pistoni hupanda pamoja hufuata hesabu ya silinda moja, ukijumlisha uzito wa zote mbili. Zile ambazo moja hupanda nyingine ikishuka hufutana zenyewe juu na chini, lakini huyumba kushoto na kulia, kwa hiyo ulinganifu wa uzito ni muhimu zaidi kwao.

Kufunga na kujaribu

Osha matundu kwa petroli na upulize kwa hewa. Pima mwanya wa ringi ndani ya silinda kwa fila geji na ufuate kipimo cha mtengenezaji wa pistoni. Kabla ya kufunga hedi kwa mwisho, weka udongo wa kuchezea juu ya pistoni, funga, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, fungua, ukate udongo uone unene uliobaki chini ya vali na pembezoni.

Wakati wa kulainisha injini mpya usihukumu mtetemo. Ringi bado hazijakaa. Baada ya hapo, panda barabara moja iliyonyooka na uandike mtetemo unaanza kwenye mizunguko mingapi, na unaishia wapi. Kila fremu ina mahali inapoitikia, kwa hiyo mtetemo mkali kati ya 5,500 na 6,000 tu unaotulia baadaye ni fremu inayoitikia, na unaweza kuukimbia kwa kubadilisha meno ya sproketi ya mbele. Unaozidi kukua bila kutulia kadiri unavyoongeza mizunguko ndio wa krenki. Ule mvumo mwembamba wa kasi ya mara mbili ya krenki, unaotokana na konrodi kuinama, upo kwenye kila silinda moja na uzito pinzani hauwezi kuugusa, kwa hiyo usirudi kwenye keekee kwa ajili yake.

Baada ya kilomita 100 kaza upya boliti za kushikilia injini, za eksozi na za kishikilia betri, injini ikiwa imepoa.